Tone Si Tundu

  

Leo tuzungumzie chombo kilichoko nyuma ya nyumba zetu au juu ya paa, hapa Ruiru na kule Thika. Ni tangi la maji, tena tangi linalovuja. Nitaeleza kwa nini linavuja, kwa nini tunaliziba mara tatu na bado linavuja, na jinsi ya kuliziba likazibika. Njiani tutapitia kwenye jahazi la Lamu na kwenye injini ya mvuke, kwa maana waliounda vyombo hivyo viwili walijua siri ya kuziba kabla yetu.

Nianze na kisa changu mwenyewe. Nyumbani kwangu Ruiru nina tangi la mabati la lita 1,000, limekaa juu ya stendi ya mbao. Asubuhi moja nikakuta chini ya stendi pamelowa, duara la ukubwa wa sahani. Nikamwita kijana fundi. Akatazama tone linapodondokea, akapasha lami, akapaka kwa nje. Siku mbili kukawa kimya. Siku ya tatu tone likarudi, limesogea shubiri moja kando. Tukajaribu sabuni ya kipande. Tukajaribu saruji. Tukaishia kufunga blada, ile raba ya tyubu tunayofungia mizigo kwenye baiskeli. Maji hayakujali.

Hatimaye nikamwendea mzee mmoja fundi, Thika, ambaye ameshika chuma tangu ujana wake. Alipofika nikamwonyesha. “Mzee, hapa ndipo linapovuja.”

Akaniambia, “Hapo ndipo linapodondokea, mwanangu. Linapovujia bado hatujapajua.”

Wasikilizaji, hebu nirudie maneno hayo, kwa sababu ndiyo kiini cha mazungumzo yetu. Linapodondokea si lazima ndipo linapovujia. Tone si tundu. Maji hutokea mahali, yakafuata mshono wa bati, yakateremka hadi ukingoni, ndipo yakaanguka. Sisi tulikuwa tunapaka lami mwisho wa safari ya maji, ilhali safari ilikuwa inaanzia kwenye kiungo cha mfereji, mbali kabisa na lami yetu.

Sasa huenda mtu akauliza, tone moja ni la kutupotezea muda redioni? Ndiyo, ndugu yangu. Weka sufuria chini ya tone hilo unapoenda kulala, kisha alfajiri uipime. Halafu uyahesabu maji hayo kwa mitungi ya lita 20 ambayo ungenunua kwa mkokoteni siku mfereji umekauka. Nasi tunaoyahitaji maji ni wengi: sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 490,000 katika mji wa Ruiru. Palipokuwa na mibuni sasa pana ploti za kupangisha, ghorofa kwa ghorofa. Thika ina Mto Chania na mto wake wenyewe wa Thika, na maporomoko ambayo watalii wanakuja kuyapiga picha. Juu kule Gatanga kuna bwawa la Ndakaini, lililokamilika 1994, linalokusanya maji ya Mto Thika yapelekwe Nairobi. Tunaishi kandokando ya mito, lakini siku ya mgao kila nyumba huishi kwa kile kilichomo ndani ya tangi lake. Kwa hiyo tangi ndilo mto wa nyumbani. Likivuja, mto wako unakauka usiku wewe ukiwa umelala.

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali nzuri, na ya kweli. Lakini jamani, methali ile haikutuambia ufa uzibwe upande gani. Na hapo ndipo tunapokosea.

Twendeni pwani kidogo. Aliyewahi kukaa Lamu au Matondoni amewaona mafundi wa majahazi. Chombo kikipandishwa ufukweni, maji yakapwa, fundi huchokoa pamba kuukuu iliyo kati ya mbao, kisha hushindilia pamba mpya iliyotiwa mafuta. Kazi hiyo huitwa kalafati. Sasa niambieni, kalafati hutiwa upande gani wa chombo? Hutiwa kwa nje. Kwa nini nje? Kwa sababu bahari iko nje. Maji ya bahari yanaisukuma ile pamba iingie zaidi kwenye mwanya. Adui mwenyewe anageuzwa kuwa nyundo ya fundi.

Tangi letu ni jahazi lililogeuzwa. Maji yako ndani, yanasukuma kwenda nje. Ukipaka lami kwa nje, maji yanaisukuma lami yako itoke, mchana na usiku, bila kuchoka. Lita 1,000 za maji ni tani nzima. Msukumo wa maji hayo unapambana na kipande cha lami! Nani atashinda? Basi ukiziba kwa ndani, msukumo uleule unakikandamiza kiraka chako kwenye bati. Kwa hiyo, wasikilizaji, ziba upande wa maji. Chombo chenye maji nje, ziba nje. Chombo chenye maji ndani, ziba ndani. Ziba upande wa maji.

Sasa tuingie kwenye injini ya mvuke. Najua vijana wengi hawajaiona ikitembea. Reli ya kutoka Nairobi kuja Thika ilikamilika 1913, ikipita hapa Ruiru, na baadaye ikaendelea hadi Nanyuki. Kwa miaka mingi mabehewa yake yalivutwa na injini za mvuke. Ukitaka kuziona, nenda na watoto kwenye Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa 1971. Muulize mhudumu akuonyeshe injini nambari 5918, jina lake Mount Gelai, mlima ulioko kaskazini mwa Tanzania. Iliundwa Manchester, Uingereza, mwaka 1955, kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki, na uzito wake ni takriban tani 250. Itazame vizuri. Katikati kuna boila, ambamo maji huchemshwa yakawa mvuke. Mbele kuna tangi la maji. Nyuma kuna tangi jingine. Yaani mashine yote ile ni moto uliozungukwa na matangi.

Watu husifu moto na moshi wa injini ya mvuke. Mafundi wake walisifu maji. Moto ukipungua, injini huenda polepole. Maji yakipungua ndani ya boila, bati lililo juu ya moto hubaki wazi, likapata joto kupita kiasi, likalegea, na boila inaweza kupasuka. Kwa hiyo kwa injini, tangi linalovuja halikuwa jambo la unyevu tu chini ya stendi. Lilikuwa swali la kufika au kutofika kituo kinachofuata chenye maji.

Kuna mfano mmoja barani mwetu. Mwaka 1896 ofisa Mjerumani, Edmund Troost, aliagiza trekta la mvuke la tani 14 kwenda Swakopmund, pwani ya Namibia, livute mizigo kulivuka jangwa badala ya mafahali. Mashine ilikuwa na nguvu za kutosha, lakini kule jangwani maji matamu ni adimu, nayo iliyanywa bila kushiba. Pamoja na mchanga na ubovu, kiu ile iliishinda. Ikaachwa. Hadi leo imehifadhiwa Swakopmund, na watu huenda kuitazama. Nguvu bila maji haikufika popote.

Matrekta ya namna hiyo, yaliyovuta mizigo na plau kabla ya matrekta ya dizeli, bado yanapendwa sana Uingereza. Wako watu huko wanaounda matrekta madogo ya mvuke kwenye karakana za nyumbani, theluthi au robo ya ukubwa wa lile la kweli. Si vinyago vya kuwekwa kabatini. Yanawashwa kwa makaa, yanachemsha maji, yanatembea, na mwenyewe hupanda kigari nyuma yake akavutwa. Tangi la maji la trekta kama hilo liko nyuma, karibu na miguu ya dereva, na makaa hukaa juu yake. Ni kisanduku cha bati chenye pembe na mishono mingi. Na kama tangi langu la Ruiru, baada ya miaka huanza kutoa machozi.

Mwenye trekta hilo dogo hufanyaje? Sikilizeni kwa makini, kwa maana kazi yake ndiyo kazi yetu.

Kwanza humwaga maji yote na kulifungua tangi kutoka kwenye mashine. Hazibi likiwa na maji. Pili hulisafisha ndani: hutoa tope, hukwangua kutu na rangi inayobambuka, huosha mafuta. Tatu hulikausha, tena kukausha kwa kweli, siku kadhaa juani au mahali penye joto. Nne hufunga matundu yote ya mabomba, humimina ndani dawa ya kuziba iliyo majimaji, kisha huligeuza tangi taratibu, upande huu na upande ule, mpaka dawa ipite kwenye kila pembe na kila mshono. Iliyozidi huimwaga ili isigande chini. Tano husubiri ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Ndipo hujaza maji na kulitazama kabla ya kulirudisha.

Kwa nini anajisumbua hivyo kusafisha na kumwaga iliyozidi? Kwa sababu maji ya tangi lile hupita kwenye kitundu chembamba sana yakielekea kwenye boila. Kipande kidogo cha dawa kilichobambuka kikiziba kitundu hicho, boila hukosa maji. Yeye huiwazia dawa ile itakavyokuwa mwaka ujao ikianza kuchakaa. Je, sisi ambao maji ya tangi letu yanaenda kwenye chai ya watoto, hatupaswi kuwa waangalifu kuliko yeye?

Haya, turudi nyumbani. Chukua kalamu na karatasi, au mwambie mtoto aliye karibu akuandikie.

Jambo la kwanza ni kulitafuta tundu. Kumbuka, tone si tundu. Kausha tangi kwa nje kwa kitambaa, kisha paka chaki au majivu makavu kuanzia juu hadi chini. Subiri. Unyevu wa kwanza kujitokeza, ule wa juu kabisa, ndio unaokaribia tundu. Tangi likishakuwa tupu, tumia giza la usiku: mwanga wa tochi ukiwekwa ndani utachungulia nje kwenye kila kitobo. Ndivyo mzee wangu wa Thika alivyofanya. Tulihesabu nyota tatu kwenye bati lile, na moja tu ndiyo tuliyokuwa tunaishuku.

Jambo la pili ni kujiuliza, kwa nini pametoboka hapa? Tangi la mabati limepakwa zinki, nayo zinki huliwa na kutu kwanza ili kulinda chuma. Zinki ikiisha, zamu ya chuma hufika. Huisha haraka wapi? Chini, ambako tope hukaa. Chini tena kwa nje, pale tangi linapokalia mbao zilizolowa. Na pale ambapo mfereji wa shaba ya manjano umegusana na bati, kwa kuwa metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji, moja humla mwenzake, na anayeliwa ni zinki. Tena angalia stendi. Ikiwa imeinama, tani nzima ya maji inaegemea upande mmoja na mshono unavutwa kila tangi linapojazwa na kupungua. Ukiziba bila kunyoosha stendi, mwezi ujao utanipigia simu hapa redioni.

Jambo la tatu ni kusafisha na kukausha. Mwaga maji, sugua kwa burashi ya waya na msasa mpaka bati ling'ae kuzunguka tundu, futa kwa spiriti, acha likauke. Hapa ndipo wengi wetu tunakosa subira, kwa sababu tunataka maji jioni ileile. Dawa iliyopakwa juu ya unyevu haishiki bati. Inashika unyevu, na unyevu hauna mizizi.

Jambo la nne ni kuziba upande wa maji. Kitobo kidogo huzibika vizuri kwa bolti na nati, pamoja na washa ya raba upande wa ndani. Bei yake ni ndogo na hukaa miaka. Mshono au sehemu iliyochakaa hutaka epoksi, ile gundi ya makopo mawili yanayochanganywa, nayo iwe imeandikwa kwamba yafaa kwa maji ya kunywa. Soma kopo. Kama huelewi maandishi, muulize muuzaji akusomee. Na kuhusu silikoni, iwapo inanuka kama siki, usiitumie kwenye mabati, kwa maana asidi yake huila zinki. Lami ya barabara usiipake ndani kamwe, wala usikubali tangi la maji ya kunywa lichomelewe kwa risasi. Risasi ni sumu, na wanaoumia zaidi ni watoto.

Jambo la tano ni kujaribu. Usilijaze tangi siku hiyohiyo mpaka pomoni. Dawa ikishakauka kwa muda wake, jaza robo, weka alama ya chaki, lala. Asubuhi tazama. Kisha nusu. Kisha lijaze. Maji ya kwanza suuzia, mwagilia sukuma, usinywe.

Sasa msikilizaji mmoja atasema, “Lakini langu ni la plastiki.” Swali zuri, maana siku hizi matangi meusi ya plastiki ndiyo mengi. Plastiki ile haishikwi na silikoni wala epoksi kwa muda mrefu. Ufa wake hutaka kuunganishwa kwa joto, kwa kijiti cha plastiki ya aina ileile, na fundi aliyezoea kazi hiyo. Tangi la saruji nalo, ufa huchimbwa ukapanuliwa kidogo, ukasafishwa, ukajazwa saruji yenye dawa ya kuzuia maji, kwa ndani. Unaona? Vifaa vinabadilika, lakini kanuni ni ileile. Tafuta tundu lenyewe, safisha, kausha, ziba upande wa maji.

Kabla sijamaliza, kuna maonyo mawili ambayo nayasema kwa uzito wote. La kwanza: usiingie peke yako ndani ya tangi kubwa. Mvuke wa gundi na spiriti hujaa humo, hewa safi ikaisha, na mtu huzimia kabla ya kupiga kelele. Awepo mwenzako nje, mfuniko ukiwa wazi, na kamba kiunoni. Na fundi anayechomelea mabati afanye hivyo mahali pa wazi, kwa sababu moshi wa zinki huleta homa na kifua kubana.

Onyo la pili: haya yote ninayoyasema ni ya tangi, si ya boila. Nafahamu kwamba vijana wetu wa jua kali ni wabunifu, na huenda mmoja ananisikiliza akiwaza kujiundia injini ndogo ya mvuke. Kijana wangu, nakuunga mkono. Lakini tangi hubeba maji yaliyotulia, na boila hufungia mvuke. Maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya mwanzo. Boila ikivuja haizibwi kwa gundi. Inazimwa, inapoa, na inakwenda kwa mtu mwenye ujuzi wa boila kuikagua. Kiraka kwenye tangi kikishindwa, utalowa. Kwenye boila kikishindwa, tutakuzika.

Basi, wasikilizaji wapenzi, muda wetu unayoyoma. Tumesema nini leo? Tumesema tone si tundu, kwa hiyo litafute tundu kabla ya kununua dawa. Tumesema kausha kwanza, hata kama ni kwa kukaa siku mbili na mitungi ya jirani. Na tumesema ziba upande wa maji, kama fundi wa jahazi, kama fundi wa injini ya mvuke.

Nina ombi moja kwenu. Wenye ploti, msingoje wapangaji walalamike. Mzee yule wa Thika alimaliza kazi kwangu kwa siku tatu, na siku mbili kati ya hizo zilikuwa za kungoja tangi likauke. Mlipeni fundi wenu na siku za kungoja, kwa sababu fundi anayelipwa kwa kuharakisha atapaka lami nje na kuondoka. Tangi langu sasa limemaliza msimu mzima wa mvua na mwingine wa kiangazi, na mbao za stendi ni kavu.

Usiku huu kabla ya kulala, toka nje na tochi ukaguse chini ya tangi lako. Mkono ukirudi umelowa, Jumamosi anza kazi.